HESABU ZA WAPIGAJI: NANI ALIYEPIGA VIZURI ZAIDI?

Natumaini mmekwisha kukaa, kila mtu na daftari lake na kalamu yake. Walimu wa madarasa, tafadhali wekeni ubao tayari, maana leo tutaandika tarakimu chache.

Katika somo lililopita tulijifunza kutafuta wastani, yaani kujumlisha hesabu zote, kisha kugawanya. Baada ya somo lile nililetewa swali na mwanafunzi mmoja, mtu wa makamo. Aliniuliza, "Bwana Ofisa, wastani huu utatufaa nini? Mtu akipata 10 na mwenzake akapata 8, si huyu wa 10 ndiye aliyeshinda?"

Swali hili ni jema, na jibu langu ni hili: pengine ndiye, na pengine siye. Hatuwezi kujua mpaka tuulize kwanza 10 ile ilipatikana wapi, mwaka gani, na wenzake wa mahali pale walipata ngapi.

Leo tutalitazama jambo hili kwa njia ya historia. Tutachukua mchezo mmoja wa Marekani uitwao besiboli. Nimeuchagua kwa sababu wenyewe wameandika hesabu za mchezo huo, siku kwa siku, kwa zaidi ya miaka 100. Mahali palipo na daftari zuri, makosa ya kulinganisha huonekana wazi, na njia ya kuyasahihisha huonekana pia.

Mchezo wenyewe

Kwa wale wasioujua, nitaueleza kwa ufupi. Besiboli huchezwa na pande mbili, kila upande watu tisa. Mtu mmoja wa upande huu, aitwaye mrushaji, husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Yeye hurusha mpira mgumu kwa nguvu nyingi kumwelekea mpigaji wa upande wa pili, ambaye ameshika rungu la mti kwa mikono miwili. Mpigaji hujaribu kuupiga mpira ule, kisha hukimbia kwenda kwenye kituo cha kwanza. Vituo ni vinne, na cha nne ni pale pale alipoanzia. Mtu akivizunguka vyote akarudi alipoanzia, upande wake hupata pointi moja.

Mpigaji akiupiga mpira mahali wadakaji wasipoweza kuuwahi, naye akafika kituoni bila kutolewa, hilo huitwa pigo salama. Akiupiga ukapita juu mpaka nje ya ua wa uwanja, huzunguka vituo vyote bila kusumbuliwa. Pigo hilo kubwa huitwa homurani. Na mrushaji akirusha vibaya mara nne, mpigaji huenda kituo cha kwanza bure, bila kupiga. Likumbukeni jambo hili la kwenda bure, maana tutalirudia.

Sasa, kumpima mpigaji, watu wa mchezo huu huhesabu zamu zake za kupiga, kisha huhesabu mapigo yake salama. Sisi tutaandika hivi: mapigo mangapi kwa kila zamu 1,000. Mpigaji hodari hupata kama 300. Ndiyo kusema, hata hodari hushindwa mara saba katika kila mara kumi. Kumpiga mrushaji mzuri si kazi nyepesi.

Aliyeanzisha daftari

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuanzisha hesabu hizi alikuwa Henry Chadwick. Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akahamia Marekani na wazazi wake mwaka 1837. Alikuwa mwandishi wa magazeti, na alikuwa ameujua mchezo wa kriketi, ambao una desturi ya kuandika hesabu za kila mchezaji. Chadwick aliichukua desturi ile akaitia katika besiboli. Kila baada ya mchezo, gazeti lilionyesha katika safu ndogo za tarakimu kila mtu alifanya nini. Mtu asiyekuwapo uwanjani aliweza kusoma safu zile asubuhi akajua habari yote.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bwana Chadwick aliwapa daftari. Lakini kuwa na daftari ni jambo moja, na kulisoma sawasawa ni jambo lingine.

Watu wawili na tarakimu mbili

Sasa andikeni ubaoni majina mawili. La kwanza ni Bill Terry. La pili ni Carl Yastrzemski. Jina hili la pili lina asili ya Kipolandi, na Wamarekani hulitamka kama Yastremski.

Terry alichezea timu ya Giants ya New York. Mwaka 1930 alipata zamu 633, na katika zamu hizo alipiga mapigo salama 254. Tufanye hesabu: 254 mara 1,000 ni 254,000. Gawanyeni kwa 633. Mtapata 401.

Yastrzemski alichezea timu ya Red Sox ya Boston. Mwaka 1968 alipata zamu 539, akapiga mapigo salama 162. Zidisheni kwa 1,000, mgawanye kwa 539. Mtapata 301, baada ya kukamilisha sehemu iliyobaki.

Hapa mwalimu asimame kidogo, kila mtu afanye hesabu zile mwenyewe.

Haya. Terry 401, Yastrzemski 301. Kwa macho tu, Terry amemshinda mwenziwe kwa mapigo 100. Ni tofauti kubwa sana. Mtu angeweza kusema kwamba huyu wa pili hastahili hata kutajwa pamoja na wa kwanza. Lakini wote wawili walishika nafasi ya kwanza katika ligi zao, kila mtu mwaka wake. Marekani ina ligi kuu mbili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani. Terry alikuwa wa kwanza katika Ligi ya Taifa, na Yastrzemski alikuwa wa kwanza katika Ligi ya Marekani. Yatupasa tuulize: wenzao walipata ngapi?

Mwaka wa mvua na mwaka wa kiangazi

Kabla ya kujibu, fikirini wakulima wawili. Mmoja alivuna magunia 20 ya mahindi mwaka wa mvua nyingi, na majirani zake wakavuna 18 kila mmoja. Mwingine alivuna magunia 12 mwaka wa kiangazi, na majirani zake wakavuna 6 tu. Nani mkulima hodari? Mwenye 20 ana mahindi mengi zaidi ghalani, hilo halina ubishi. Lakini mwenye 12 amevuna mara mbili ya majirani zake. Ukitaka kujifunza kilimo, utamwendea yupi?

Basi, mwaka 1930 ulikuwa mwaka wa mvua kwa wapigaji wa Ligi ya Taifa. Mpira uliotumika uliruka mbali sana ulipopigwa. Wapigaji wote wa ligi ile, wazuri kwa wabaya, walipata wastani wa 303. Timu sita katika nane zilipita 300. Timu ya Terry nzima ilipata wastani wa 319. Timu ya Phillies ya Philadelphia ilipata 315, na bado ilimaliza ya mwisho kabisa, kwa sababu wapinzani wao nao walipiga kwa wingi vile vile. Mwaka uliofuata wenye ligi waliubadili mpira, wakaufunika kwa ngozi nene zaidi na kuzinyanyua nyuzi zake ili mrushaji aushike vema. Mara wastani wa ligi nzima ukashuka mpaka 277. Wapigaji hawakusahau kazi yao katika miezi michache ile. Kilichobadilika ni mpira.

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa kiangazi. Kile kichuguu anaposimama mrushaji kilikuwa na kimo cha inchi 15, yaani kama sentimeta 38, na mtu akirusha kutoka juu humwelemea aliye chini. Tena tangu mwaka 1963 sheria ilikuwa imempa mrushaji nafasi pana zaidi ya kulenga. Mrushaji mmoja wa St. Louis, Bob Gibson, aliruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa kila mchezo mzima. Katika Ligi ya Marekani wapigaji wote walipata wastani wa 230. Yastrzemski alikuwa mtu pekee katika ligi yake aliyefikia 300. Aliyemfuata alipata 290. Mwaka 1969 wakuu wa mchezo walikipunguza kichuguu kikawa inchi 10, wakaipunguza na ile nafasi ya kulenga. Wastani wa ligi ile ukapanda mpaka 246.

Njia ya kusahihisha

Sasa tufanye hesabu ya haki. Chukueni wastani wa mpigaji, mzidishe kwa 100, kisha mgawanye kwa wastani wa ligi yake ya mwaka ule ule.

Terry: 401 mara 100 ni 40,100. Gawanyeni kwa 303. Jibu ni 132.

Yastrzemski: 301 mara 100 ni 30,100. Gawanyeni kwa 230. Jibu ni 131.

Maana yake ni hii: pale mpigaji wa kawaida alipopata 100, Terry alipata 132 na Yastrzemski alipata 131. Ile tofauti ya 100 tuliyoiona ubaoni imekuwa tofauti ya 1. Watu wawili waliokuwa mbalimbali sana sasa wamesimama bega kwa bega.

Hesabu ya namna hii twaweza kuiita hesabu iliyorekebishwa. Hatukubadili kitu chochote alichofanya Terry. Mapigo yake 254 yako pale pale. Tumebadili kipimo tu, ili wote wawili wapimwe kwa pishi moja, asiwepo anayepimwa kwa kibaba na mwenziwe kwa pishi.

Wapenzi wa historia ya mchezo huu waliitia nguvu njia hii katika miaka ya 1970. Mwaka 1971 watu 16 walikutana Cooperstown, katika jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kuchunguza habari za besiboli. Mwaka 1976, katika jarida la chama kile, David Shoebotham aliandika makala ya kuwalinganisha wapigaji kwa kuwapima na wastani wa ligi zao.

Sarafu mfukoni

Lakini kuna kasoro ya pili. Ule wastani wa zamani huhesabu kila pigo salama kuwa sawa. Pigo dogo la kufikia kituo cha kwanza ni moja, na homurani ya kuzunguka vituo vyote ni moja pia.

Mwaka 1916 mhariri mmoja wa gazeti la besiboli, F. C. Lane, aliipinga desturi hii kwa mfano mzuri. Alisema kwamba ni sawa na kuhesabu sarafu za mtu bila kutazama thamani yake. Mwenye sarafu kumi ndogo na mwenye sarafu kumi kubwa wote wanaandikwa "kumi", na watu wanaambiwa kuwa mali zao ni sawa. Kila mmoja wetu anajua kwamba si kweli, maana dukani hawatanunua vitu sawa.

Kasoro ya tatu ni lile jambo la kwenda bure nililowaambia mlikumbuke. Mpigaji mwenye subira, asiyeyumbishwa na mpira mbaya, hufika kituoni bila kupiga, na timu yake hufaidika. Lakini katika ule wastani wa mapigo haandikiwi kitu. Mwaka mmoja tu, mwaka 1887, sheria ilibadilishwa, na kwenda bure kukahesabiwa kuwa pigo. Mchezaji aitwaye Tip O'Neill akaandikiwa wastani wa 492. Baadaye hesabu ziliporudiwa kwa desturi ya kawaida, wastani wake ukawa 435. Mtu ni yule yule, na mwaka ni ule ule. Palipobadilika ni katika kanuni ya mwenye daftari.

Muda mrefu ulipita kabla ya kosa hili kutengenezwa. Mwaka 1947 Branch Rickey, mkuu wa timu ya Dodgers ya Brooklyn, alimwajiri mtu wa hesabu aitwaye Allan Roth. Mwaka 1954 Rickey alitangaza katika gazeti la Life hesabu mpya zilizoonyesha mara ngapi mpigaji hufika kituoni kwa njia yoyote. Wakuu wa mchezo hawakuipokea hesabu hiyo rasmi mpaka mwaka 1984. Yaani miaka 30 ilipita. Mazoea ni kitu kigumu kukiacha, hata kwa watu wenye tarakimu mbele yao.

Hewa ya milimani

Kasoro ya nne ni uwanja. Viwanja vya mchezo wa miguu vinafanana, lakini viwanja vya besiboli havilingani. Ua wa mmoja uko karibu, wa mwingine uko mbali. Tena hewa yenyewe si moja. Mji wa Denver umejengwa kiasi cha meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mpira uliopigwa huenda mbali kuliko pwani.

Tazameni timu ya huko, iitwayo Rockies. Mwaka 1996 ilicheza michezo 81 nyumbani na michezo 81 ugenini. Nyumbani ilipata pointi 658. Ugenini ilipata 303. Wachezaji ni wale wale, mwaka ni ule ule. Nyumbani walipata zaidi ya mara mbili. Je, mpigaji wa Denver alinganishwe na mpigaji wa mji wa pwani kwa tarakimu zilivyo? La. Hapana budi kwanza kutafuta uwanja ule unaongeza kiasi gani, kisha kukiondoa kiasi hicho.

Mwaka 1984 Pete Palmer na John Thorn walitoa kitabu kilichokusanya marekebisho haya pamoja: mwaka, uwanja, thamani ya pigo, na kwenda bure. Katika kipimo chao, 100 ndiyo kawaida ya ligi. Mwenye 120 amewapita wenzake, na mwenye 80 amebaki nyuma yao. Hata mtu asiyejua besiboli aweza kusoma tarakimu hiyo akaielewa. Kipimo cha namna hii kinatumika mpaka leo.

Cobb na Gwynn

Sasa tufike kwenye sehemu ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Ty Cobb alicheza tangu mwaka 1905 mpaka 1928. Katika vitabu vya ligi kuu, wastani wa maisha yake yote ni 367. Tony Gwynn alichezea timu ya San Diego tangu mwaka 1982 mpaka 2001. Wastani wake ni 338. Kwa tarakimu zilivyo, Cobb amempita kwa 29.

Mwaka 1999 mtaalamu wa takwimu aitwaye Michael Schell alichapisha kitabu cha kuwapanga wapigaji wa wakati wote. Alirekebisha mambo manne. Kwanza, umri: alihesabu zamu 8,000 za mwanzo tu, ili mtu aliyeendelea kucheza uzeeni asipunguziwe sifa ya ujana wake. Pili, wastani wa ligi, kama tulivyofanya ubaoni. Tatu, ugumu wa mashindano. Nne, uwanja. Baada ya kurekebisha yote manne, aliyetokea wa kwanza hakuwa Cobb. Alikuwa Gwynn.

Hilo jambo la tatu lataka maelezo. Katika shindano ambalo wengi ni dhaifu, hodari mmoja huwapita wote kwa mbali. Katika shindano ambalo kila mtu ni mzuri, hata hodari huwapita wenzake kidogo tu, kwa sababu hakuna walio dhaifu sana wa kumfanya aonekane mrefu. Basi twauliza: kwa nini mashindano ya wakati wa Gwynn yalikuwa magumu zaidi?

Sababu ziko kadhaa, lakini moja si ya mpira wala ya uwanja. Katika miaka yote ya Cobb, mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza katika ligi kuu. Sheria hiyo haikuandikwa. Ilikuwa mapatano ya wenye timu, nayo ilidumu tangu miaka ya 1880 mpaka tarehe 15 Aprili, 1947, siku ile Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn. Na huyo Tony Gwynn alikuwa Mmarekani mweusi. Kama angalizaliwa wakati wa Cobb, asingalipata hata zamu moja ya kuandikwa katika daftari lile.

Watu weusi hawakuacha kucheza. Mwaka 1920 Rube Foster na wenzake walikutana Kansas City wakaanzisha ligi yao wenyewe, na nyingine zikafuata. Humo alitokea Josh Gibson, mpigaji ambaye sifa zake zilienea kote. Gibson alifariki tarehe 20 Januari, 1947, akiwa na umri wa miaka 35. Ilibaki miezi mitatu tu mlango ufunguliwe.

Kwa muda mrefu vitabu vya ligi kuu havikumtaja Gibson kwa hesabu hata moja. Magazeti makubwa hayakuandika michezo yao kwa ukamilifu, na safu nyingi zilipotea. Lakini watafiti walipekua magazeti ya zamani, hasa yale ya watu weusi, wakazikusanya tarakimu mchezo kwa mchezo. Mwezi wa Desemba, 2020, wakuu wa besiboli walikubali kwamba ligi saba za watu weusi za miaka ya 1920 mpaka 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mwezi wa Mei, 2024, hesabu za wachezaji zaidi ya 2,300 ziliingizwa katika daftari rasmi. Jina la kwanza katika orodha ya wastani wa maisha likabadilika. Cobb na 367 yake akawa wa pili. Wa kwanza ni Josh Gibson, na wastani wa 372.

Je, sasa tumejua kwa hakika nani alikuwa bora? Hapana, na msikubali mtu awaambie hivyo. Misimu ya ligi za watu weusi ilikuwa mifupi, na hesabu za michezo mingi hazikupatikana. Tena Gibson alipata hesabu zake katika ligi yake, na Cobb alipata zake katika ligi yake, na ligi hizo hazikuruhusiwa kushindana. Hesabu yaweza kurekebisha mpira unaoruka sana, kichuguu kirefu, na hewa ya milimani. Haiwezi kurekebisha mchezo ambao haukuchezwa kwa sababu mmoja wa wachezaji alifungiwa mlango.

Kwa sababu hiyo, ndugu zangu, namrudia yule mwanafunzi aliyeniuliza wastani utamfaa nini. Utamfaa kuuliza maswali. Atakapoletewa tarakimu mbili, iwe ni za mavuno, za mtihani wa mtoto, au za mshahara wa watu wawili, asiseme upesi kwamba kubwa imeishinda ndogo. Aulize: wenzao mwaka ule walipata ngapi? Mahali palikuwa pamoja? Kanuni ya kuhesabu ilikuwa moja? Na mwisho aulize swali ambalo tarakimu zenyewe haziwezi kulisema: ni nani ambaye hakuandikwa?

Zoezi la darasa

1. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alipata zamu 456, akapiga mapigo salama 185. Tafuteni wastani wake kwa kila zamu 1,000.

2. Wastani wa ligi yake mwaka ule ulikuwa 266. Tafuteni hesabu yake iliyorekebishwa, kisha mwilinganishe na 132 ya Terry. Kabla ya kurekebisha, watu hawa wawili walitofautiana kwa kiasi gani? Na baada yake?

3. Jadilianeni: Taja jambo moja hapa kwenu ambalo watu hulinganishwa kwa tarakimu bila kuulizwa hali zao. Ungelirekebishaje?

Majibu ya swali la kwanza na la pili: 406, kisha 153.

Kwa leo tumefika mwisho. Wenye maswali wawape walimu wao, nami nitayajibu katika somo lijalo. Kwaherini, na tuonane tena hewani.